Dhamana Imekwisha: Sasa Gari Itunzwe kwa Daftari



Siku hizi gari zimekuwa nyingi katika vijiji vyetu vya Unguja. Ziko zinazochukua abiria kutoka Makunduchi na Nungwi kwenda Mjini. Ziko zinazobeba mwani wa Paje na Jambiani, samaki wa Mkokotoni, na ndizi na mihogo ya Mahonda. Familia nyingi zinakula kwa gari moja. Pengine ndugu wanne wamechanga fedha za karafuu, ng'ombe na kiwanja, wakanunua gari hiyo moja. Gari ikifa, si dereva peke yake anayelala njaa.

Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya utunzaji wa gari kwa fedha kidogo. Hatutazungumza juu ya kazi za fundi mkubwa. Tutazungumza juu ya kazi za mwenye gari, yule anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu.

DHAMANA NI KITU GANI?

Gari mpya inapotoka kiwandani, hutolewa na ahadi. Kiwanda husema: "Chombo chetu kikiharibika kwa kosa letu ndani ya muda fulani, tutakitengeneza bure." Ahadi hiyo huitwa dhamana. Madukani tunasikia watu wakiiita waranti.

Dhamana ina mwisho. Huko Japani, kwa mfano, Toyota hutoa dhamana ya kawaida ya miaka 3 au kilomita 60,000. Kwa vyombo vikubwa kama injini, dhamana ni miaka 5 au kilomita 100,000. Kinachotangulia, miaka au kilomita, ndicho kinachoifunga dhamana.

Sasa tuangalie gari zetu. Nyingi si mpya. Zimetumika Japani, kisha zikapakiwa melini. Kule Japani gari ndogo mpya hufanyiwa ukaguzi wa serikali, unaoitwa shaken, ikitimiza miaka 3, halafu kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama. Kwa sababu hiyo wenye gari wengi huona ni nafuu kuiuza kabla ya ukaguzi unaofuata. Gari hizo ndizo tunazozinunua sisi. Mara nyingi dhamana yake imekwisha kabla meli haijatia nanga.

Tena, hata dhamana ikiwa hai, hailipi oili, matairi wala breki zilizoliwa kwa kazi. Hayo siku zote ni juu ya mwenye gari.

Basi swali ni hili: dhamana ikisha kwisha, ni nani atakayeidhamini gari yako? Jibu ni fupi: wewe mwenyewe, kwa jicho lako na daftari lako.

MAJIRANI ZETU MABAHARIA

Jambo hili si geni kwetu. Watu wa pwani wamekuwa na vyombo vya bahari tangu zamani, na hakuna kiwanda kilichowapa dhamana. Mwenye jahazi hangoji chombo kivuje katikati ya mkondo. Hukipandisha pwani kwa majira yake, akatia kalafati penye nyufa, akapaka sifa na deheni, ndipo akakishusha tena. Kazi hiyo ni ya gharama ndogo, lakini hufanywa kabla ya hatari.

Gari ni vile vile. Hasara kubwa huanza na kitu kidogo. Oili ikipungua, vyuma vya ndani ya injini husuguana. Vikisuguana hupata moto. Vikipata moto huliwa, na mwisho injini hunoki. Mtu aliyekataa kununua oili lita 4 sasa anatafuta fedha za kununua injini nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

DAFTARI LA GARI

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Gari ni mali. Nunua daftari la skuli, uliandike jina "Daftari la Gari", uliweke ndani ya gari. Piga mistari, upate sehemu sita:

1. Tarehe.
2. Kilomita zinazoonekana kwenye mita.
3. Kazi iliyofanywa.
4. Vitu vilivyonunuliwa.
5. Fedha zilizotumika.
6. Kilomita za kazi ijayo.

Huu ni mfano wa kuandika: Tarehe 3 Februari. Kilomita 142,300. Kubadilisha oili na filta ya oili. Oili lita 4, aina 5W-30. Fedha, andika ulizolipa. Kazi ijayo, kilomita 147,300.

Umepataje 147,300? Umechukua 142,300 ukajumlisha 5,000. Kwa gari nyingi za petroli zinazofanya kazi nzito katika joto na vumbi kama la kwetu, kilomita 5,000 ni kipimo kizuri cha kubadilisha oili. Kama kitabu cha gari yako kinataja kipimo kidogo zaidi, fuata kitabu.

Sasa tufanye hesabu. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60. Kwenda na kurudi ni 120. Gari inayokwenda na kurudi mara 3 kwa siku hutembea kilomita 360. Gawa 5,000 kwa 360. Utapata karibu siku 14. Yaani daladala hiyo inahitaji oili mpya kila wiki mbili! Mwenye gari akisema, "Mimi hubadilisha kila mwezi", ajue kwamba amechelewa nusu ya safari.

Tumchukue mwalimu anayekaa Bububu na kufundisha Mjini. Yeye hutembea kilomita 20 kwa siku. Ili afike 5,000 atahitaji siku 250 za kazi. Je, angoje mwaka mzima? Hapana. Oili huharibika pia kwa kukaa, na safari fupi fupi huingiza unyevu ndani yake. Kwake yeye kipimo ni miezi 6.

DAKIKA KUMI ZA ASUBUHI

Kila asubuhi, gari ikiwa baridi na imesimama pahala tambarare, fanya mambo haya kabla ya kuwasha:

1. Tazama chini ya gari. Kuna doa? Doa jeusi au la kahawia huenda likawa oili ya injini. Jekundu huenda likawa oili ya gia za otomatiki. Maji ya rangi ya kijani au ya waridi huwa ya rejeta. Maji safi baada ya kutumia kiyoyozi si ugonjwa.

2. Vuta kijiti cha kupimia oili, ukifute kwa kitambaa, ukirudishe, ukivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo. Usipitishe alama ya juu, maana oili ikizidi nayo hudhuru.

3. Tazama maji ya rejeta katika chupa yake. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yale hutoka kwa nguvu, na yameunguza nyuso za watu.

4. Tazama chupa ya mafuta ya breki. Yakishuka pole pole, huenda breki pedi zimeliwa. Yakishuka ghafla, pana pahala panapovuja. Gari hiyo isitoke.

5. Zunguka matairi manne, na lile la akiba pia. Tafuta mipasuko, misumari na uvimbe ubavuni.

6. Washa gari. Jaribu taa, honi na breki. Taa ya oili kwenye dashibodi ikibaki nyekundu injini inapokwenda, zima mara moja. Usiseme, "Nitafika tu." Injini haitafika.

SOMA KABLA HUJANUNUA

Aliyesoma hadanganyiki kirahisi dukani. Haya hapa mambo manne ya kusoma.

Kopo la oili. Utaona maandishi kama 5W-30 au 20W-50. Namba ya kwanza inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Namba ya pili inaonyesha uzito wake injini ikipata moto. Utaona pia herufi zinazoanza na S au C. S ni kwa injini za petroli, na C ni kwa dizeli. Tumia aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha oili. Gari nyingi za Japani za miaka ya karibuni zimetengenezewa oili nyepesi. Usitie oili nzito kwa kuwa jirani ametia, maana injini yake si yako.

Oili ya gia za otomatiki. Hapa watu wengi wametiwa hasarani. Ziko gia za otomatiki za kawaida, na ziko zile ziitwazo CVT. Kila moja ina oili yake. Ukitia ya moja ndani ya nyingine, utaua gia boksi nzima. Soma kijiti au kitabu. Kama hujui, usitie mpaka uulize fundi anayeijua aina ya gari yako.

Mafuta ya breki. Kwenye kifuniko cha chupa yake pameandikwa DOT 3 au DOT 4. Nunua kama palivyoandikwa. Usitie oili, maji wala maji ya sabuni. Oili huvimbisha mipira ya breki, na maji huchemka breki zikipata moto. Hapo utakanyaga na gari haitasimama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya kisiwa chetu ina unyevu mwingi. Yabadilishwe kila miaka 2.

Tairi. Tafuta ubavuni kidoto kirefu kama yai chenye tarakimu 4. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 3518, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi la mtumba huweza kung'ara na meno yake yakawa marefu, kumbe ni zee. Mpira wake umekauka na utapasuka njiani. Tairi lililopita miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka. Likifika miaka 10 lisitumike tena, hata kama linapendeza. Katika mifereji ya tairi mna vinundu vidogo. Meno yakiliwa mpaka yakalingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha.

Upepo nao una maandishi yake. Fungua mlango wa dereva, utaona karatasi au bati dogo kwenye nguzo. Likisema 230 kPa, ni sawa na paundi 33 kwa kipimo cha fundi wetu wa pancha. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi.

Tena, ukinunua gari iliyotoka Japani, tafuta ndani ya mlango au chini ya boneti karatasi ndogo ya oili au ya mkanda wa taimingi. Mara nyingine mwaka umeandikwa kwa hesabu ya Kijapani. H30 ni mwaka 2018, kwa maana H hujumlishwa na 1988. R2 ni mwaka 2020, kwa maana R hujumlishwa na 2018. Nakili habari hizo ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

MAADUI WA GARI KISIWANI KWETU

Adui wa kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba, na gari inayolala Forodhani au Mizingani huipata usiku kucha. Gari zinazobeba samaki na mwani huipata zaidi, maana maji ya chumvi hudondoka mpaka kwenye chesisi. Dawa yake ni rahisi: osha gari kwa maji baridi, na usioshe juu tu, osha na chini. Gari ya samaki au mwani ioshwe kila siku ya kazi. Kutu ikianza, ikwanguliwe na kupakwa rangi ikiwa bado ndogo kama sarafu. Usipeleke gari kwenye maji ya bahari hata kwa mchezo.

Adui wa pili ni maji ya kisima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya chokaa. Tazama ndani ya birika lako la chai, utaona ukoko mweupe. Ukoko huo huo hushika ndani ya rejeta, na maji hushindwa kupita. Gari huchemka, gasketi huungua, na silinda hedi hupinda. Tumia maji maalumu ya rejeta yanayouzwa kwa jina la kulanti. Ukikwama njiani, maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima, kisha yaje yamwagwe na kutiwa kulanti. Betri inayotiwa maji itiwe maji ya betri tu.

Adui wa tatu ni vumbi na mchanga. Gari zinazopita njia za mawe na kifusi zikaguliwe filta ya hewa kila wiki. Filta ikiziba, gari hukosa nguvu.

Adui wa nne ni maji ya mvua. Wakati wa masika usiingize gari katika maji usiyoyajua kina chake. Maji yakivutwa ndani ya injini huivunja mara moja. Na ukivuka maji madogo, kanyaga breki pole pole mara kadhaa mpaka zikauke.

RATIBA NDOGO

Kata karatasi hii uibandike katika daftari:

Kila asubuhi: ukaguzi wa dakika kumi.
Kila wiki: upepo wa matairi, filta ya hewa, kuosha chini ya gari.
Kila kilomita 5,000 au miezi 6: oili na filta ya oili.
Kila kilomita 10,000: kuzungusha matairi, kukagua breki pedi, bolijointi na mikanda.
Kila miaka 2: mafuta ya breki.
Kila kilomita 100,000: mkanda wa taimingi, kwa gari nyingi zenye mkanda wa mpira.

Juu ya mkanda wa taimingi tuseme neno moja zaidi. Gari nyingine zina mnyororo wa chuma badala ya mkanda. Muulize fundi gari yako ina kipi. Kama ni mkanda na huna habari ya lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika njiani, huweza kuvunja valvu na pistoni.

WAPI UBANE, WAPI USIBANE

Fedha ni chache, twajua. Lakini kubana kuna mahali pake. Mlango, kioo cha pembeni, kiti au taa, nunua vya mtumba bila ya wasiwasi. Breki pedi, mipira ya breki na matairi si vitu vya kubahatisha. Hapo roho za abiria zimefungwa.

Wekeni kopo la gari. Tuseme gari inafanya safari 3 kwa siku, na kila safari inatoa shilingi 2,000. Kwa siku ni 6,000. Kwa siku 14 ni 84,000. Linganisha fedha hiyo na bei ya oili na filta dukani kwenu. Kama haitoshi, ongezeni. Fedha ya kopo isiguswe kwa harusi wala kwa sikukuu.

Na fundi je? Fundi mwema hapendi kazi ya kificho. Mazungumzo yawe hivi:

"Fundi, umesema breki pedi zimekwisha. Hebu nionyeshe."

"Hizi hapa, bwana. Tazama, chuma kinakaribia."

"Sawa. Hizo kuukuu nitakwenda nazo. Na mpya niandikie jina na bei, nitie kwenye daftari."

Maneno hayo si ya ugomvi. Ni ya mtu anayejua mali yake. Na kama gari ni ya watu wanne, daftari lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Ugomvi mwingi wa "fedha zimekwenda wapi?" huishia hapo.

OILI CHAFU ISIMWAGWE

Oili uliyoitoa usiimwage chini wala shimoni. Maji yetu ya kunywa hutoka chini ya mawe hayo hayo ya chokaa, na mawe hayo yana matundu. Kinachomwagwa juu hufika kisimani. Itie katika dumu, uifunge, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Gari hutembea kilomita 250 kwa siku. Itahitaji oili mpya baada ya siku ngapi?
2. Tairi limeandikwa 0716. Lilitengenezwa wiki gani ya mwaka gani? Je, linafaa kununuliwa leo?
3. Maji ya kisima yana ubaya gani ndani ya rejeta?
4. Katika kijiji chenu ziko gari ngapi za abiria? Ngapi zina daftari?

Swali la nne msilijibu kwa kukisia. Nendeni kituoni mkaulize. Na wewe abiria, siku utakapopanda, una haki ya kumuuliza dereva: "Ndugu, breki zimekaguliwa lini?" Mwenye daftari atakujibu kwa tarehe.